Kugeuza kompyuta ya ex-UK kuwa mashine ya gemu kwa pesa kidogo: mwongozo kamili

Swali ninaloletewa na vijana wa mtaani halibadiliki: "Nimenunua kadi ya grafiki, nimeiweka, mbona skrini ni nyeusi?" Wengine kadi iligoma hata kuingia kwenye kasha. Wengine iliingia, lakini inadai waya wa umeme ambao mashine yao haikuzaliwa nao. Karibu wote wana kosa moja: walianza na kadi wakamalizia na mashine.

Hapa tunaanza na mashine. Mwongozo huu ni wa mwenye kompyuta ya ofisi iliyotumika ng'ambo (ndiyo ex-UK), yaani Dell OptiPlex, HP EliteDesk au ProDesk, ama Lenovo ThinkCentre, zile zilizojaa mitaa ya Luthuli na Moi Avenue, Nairobi, na anataka icheze EA FC, GTA V, Valorant au CS2 bila kukopa Fuliza. Fuata hatua kwa mpangilio. Ukiruka moja, utairudia kwa gharama.

## Vitu vya kuandaa

- Bisibisi ya nyota ya saizi ya kati.
- Brashi laini ya rangi, mpya. Ile iliyopaka ukuta iache.
- Pesti ya kupoza prosesa (ubongo wa kompyuta), kijitubu kidogo, na spiriti ya kufutia ile ya zamani.
- Flashi ya GB 8 au zaidi.
- Kebo ya HDMI au DisplayPort. Skrini nyingi za ofisi zina tundu la VGA tu, na kadi za miaka ya karibuni hazina VGA. Kama yako ni hiyo, nunua adapta ya HDMI kwenda VGA mapema, si siku ya kufunga kadi saa tatu usiku maduka yakiwa yamefungwa.
- Programu za bure: CPU-Z, GPU-Z, HWiNFO na CrystalDiskInfo. Zipakue kutoka tovuti za wenyewe.

SSD (diski ya kasi), RAM (kumbukumbu ya muda) na kadi usinunue bado.

## Hatua ya 1: Isome mashine yako

Chukua karatasi. Unaandika mambo matano.

Modeli na umbo. Mashine moja huja kwa maumbo matatu: mnara, kasha jembamba (herufi SFF), na kile kidogo cha kiganjani. Mnara hupokea kadi ya kimo cha kawaida. Kasha jembamba hutaka kadi ya nusu kimo, na kwenye baadhi yake sloti ndefu imebanwa na pawasaplai (kisanduku cha umeme), kwa hiyo kadi nene ya nafasi mbili haiingii hata ikiwa fupi. Kile kidogo kabisa hakina sloti ya kadi. Kama ndicho ulicho nacho, kiuze uongeze pesa ununue mnara. Hakuna njia nyingine ya maana.

Prosesa. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32. Ukiona i5-4590, ile 4 ya mwanzo ndiyo kizazi. Kizazi cha 4 ndicho kima changu cha chini, kwa sababu hapo ndipo Intel ilianza kuweka amri za AVX2 kwenye prosesa za Core, na gemu kadhaa mpya haziwaki bila hizo. OptiPlex 7010 yenye kizazi cha 3, hata ukiipamba kwa kadi nzuri, kuna milango itafungiwa. Core 2 Duo iache ifanye kazi za cyber.

RAM. Fungua Task Manager, sehemu ya Performance, kisha Memory. Utaona jumla, kasi na sloti ngapi zimetumika. CPU-Z itakwambia kama ni DDR3 au DDR4. Hazibadilishani, hata mkato wa katikati umewekwa mahali tofauti ili usilazimishe.

Wati za pawasaplai. Hapa zima mashine, chomoa waya wa ukutani, fungua kifuniko cha ubavu na usome kibandiko kilicho kwenye pawasaplai. Kwenye makasha haya utakuta kati ya wati 180 na 320. Usiishie kwenye namba kubwa. Tafuta mstari wa +12V, chukua ampea zake uzidishe kwa 12. Ampea 16 ni wati 192 za kweli. Prosesa ya i5 ya ofisi hula kati ya wati 65 na 84, kadi ya aina tutakayochagua hula hadi 75, diski na feni zinabaki na makombo. Inatosha, ila hakuna nafasi ya tamaa.

Nyaya zilizo wazi. Je, kuna waya wa umeme wa kadi, wenye pini 6, unaoning'inia? Kwa kawaida haupo. Andika "hakuna".

Sasa onyo ambalo ningependa lisomwe mara mbili. Muuzaji atakwambia: "Bosi, hiyo si shida, nakupatia adapta ya SATA kwenda pini 6." Kataa. Mdomo mmoja wa umeme wa SATA (ule wa diski) umeundwa kubeba takriban wati 54 kwenye mstari wa volti 12, ilhali waya wa pini 6 unaruhusiwa kubeba 75. Plastiki huanza kulainika, kisha kunuka, kisha unatafuta ndoo ya mchanga. Na kubadilisha pawasaplai nzima si rahisi pia: Dell, HP na Lenovo hutumia midomo yao wenyewe kwenye bodi mama nyingi za ofisi, si ule wa kawaida wa pini 24. Adapta za kubadilisha zipo, ila ukijumlisha adapta na pawasaplai mpya umekula pesa ya SSD.

## Hatua ya 2: Gawa pesa

Bajeti yoyote uliyo nayo, mgawo wangu ni huu: nusu au zaidi kidogo iende kwa kadi, robo kwa SSD, kilichobaki kwa RAM na vitu vidogo. Prosesa usiiguse sasa.

RAM inahitaji ujanja. Tangu mwishoni mwa 2025 bei imepanda dunia nzima, kwa kuwa viwanda vinapeleka sehemu kubwa ya uzalishaji kwenye vituo vya data vya akili unde. Tafuta vipande vilivyotumika, vilivyotolewa kwenye mashine kama yako. RAM haichakai kama diski, na iliyotumika haina ubaya wowote ikipita majaribio. Lengo ni GB 16. Ukikosa, 8 inavumilika kwa Valorant na CS2, mradi iwe vipande viwili vya 4 na si kimoja cha 8, kwa sababu vipande viwili hufungua njia mbili za data na mtiririko huongezeka maradufu.

Ukiwa dukani, geuza kipande usome kibandiko. Kwenye DDR3 utaona kitu kama PC3-12800 kikifuatwa na herufi. U ndiyo yako. R ni ya seva: inaingia kwenye sloti vizuri kabisa, na mashine haitawaka. Kwenye DDR4 herufi hiyo iko mbele kidogo, mfano PC4-2400T-UA1 dhidi ya RA1. RAM za seva huuzwa bei ya kutupa, na ndiyo maana watu huanguka.

## Hatua ya 3: Chagua kadi na uinunue bila kuibiwa

Sloti ya kadi yenyewe hutoa umeme hadi wati 75. Kwa hiyo tunatafuta kadi inayoishi ndani ya hizo 75, isiyo na tundu la waya wa ziada. Sentensi hiyo inakuondolea kelele nyingi za sokoni.

GTX 1050 Ti, GB 4. Ya mwaka 2016, bado ndiyo mkombozi wa maskini. GTA V ya kawaida ya 1080p inaicheza karibu na fremu 60 kwa sekunde, na EA FC 24 iliitaja kama kima cha chini. Ujue jambo moja: NVIDIA ilifunga masasisho ya kawaida ya gemu kwa kizazi chake Oktoba 2025, zimebaki za usalama hadi Oktoba 2028. Gemu za leo zinaendelea kucheza. Za kesho usiziahidi.

GTX 1650, GB 4. Ya 2019, yenye nguvu zaidi, na bado inapata draiva (programu inayoendesha kadi). Hii ndiyo ningenunua mimi kwa mnara wa kizazi cha 6 na kuendelea. Angalia sana: baadhi ya matoleo yana tundu la pini 6 juu. Hayo si yako.

RTX 3050 ya GB 6. Hula wati 70 tu, ni bora kuliko zote mbili, na bei yake inajua hivyo. Usichanganye na ile ya GB 8, inayotaka waya.

RX 6400. Wati 53, na ina matoleo ya nusu kimo, hivyo huvutia wenye makasha membamba. Lakini imeunganishwa kwa njia nne tu za PCIe (kiungo cha kadi na bodi). Ilitengenezwa kwa bodi za PCIe 4.0, na mashine zetu ni 3.0, kwa hiyo hupoteza sehemu ya kasi yake. Kwa kasha jembamba ningetafuta kwanza GTX 1650 ya nusu kimo, baada ya kupima unene wa nafasi kwa rula.

GT 1030 ni kadi mbili zenye jina moja. Ya GDDR5 inajikongoja vizuri kwenye Valorant. Ya DDR4 ni mzigo. GT 710 na GT 730 ni za kuwashia skrini ya pili ofisini, hata muuzaji akiapa.

RX 580 zilizochoka kuchimba sarafu za kidijitali utaziona zikiuzwa kwa bei ya kuchekesha. Zinakula wati 185 na kutaka waya wa pini 8. Zipite kimya.

### Kadi bandia

Kuna kadi za zamani, hasa GTX 550 Ti na GTS 450, zilizoandikwa upya programu yake ya ndani ili Windows isome "GTX 1050 Ti". Kibandiko ni kipya, boksi linang'aa, na Device Manager inashuhudia uongo. Ukizitambua dukani hujaumia. Ukizitambua nyumbani, umeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Geuza kadi utazame matundu. Kizazi cha 1050 Ti hakina ishara ya VGA ndani ya chipu. Kadi inayojiita 1050 Ti na ina tundu la bluu la VGA, rudisha kwenye kaunta. Kisha iwashe ufungue GPU-Z, toleo la 2.12 au jipya zaidi: kadi iliyochezewa huandikwa [FAKE] mbele ya jina. 1050 Ti halisi huonyesha viini 768 na upana wa kumbukumbu wa biti 128. GTX 1650 huonyesha viini 896.

Njia ya uhakika zaidi ni kubeba kasha lako mwenyewe hadi dukani kwenye eksibisheni. Makanga atakuangalia vibaya, labda atakulipisha kiti cha mzigo. Mlipe. Kadi iingizwe kwenye mashine yako, GPU-Z isomwe mbele yako, gemu au kipimo kiendeshwe angalau dakika 15, ndipo M-Pesa itoke. Risiti iandikwe namba ya utambulisho (serial) ya kadi na siku za kurudisha. Anayekataa kadi ijaribiwe amekwisha kukujibu. Na anayeuza mtandaoni akitaka amana kabla ya kukutana, endelea na shughuli zako.

## Hatua ya 4: Hifadhi data, tengeneza flashi

Nakili faili zako mahali pengine. Kwenye flashi weka kisakinishi cha Windows kutoka tovuti ya Microsoft.

Windows ipi? Windows 10 ilimaliza msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 rasmi inataka Intel ya kizazi cha 8 na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Kama una OptiPlex 7060 au EliteDesk 800 G4, nenda 11 moja kwa moja, ukijua Valorant hapo hudai TPM 2.0 na Secure Boot (ulinzi wakati wa kuwasha) viwe vimewashwa. Wenye kizazi cha 4 hadi 7 wamebaki na Windows 10, pamoja na mpango wa Microsoft wa masasisho ya ziada. Linux ni nzuri kwa gemu nyingi za Steam, lakini Valorant na Fortnite hazikanyagi huko. Chagua kwa kuangalia gemu unayocheza kweli.

## Hatua ya 5: Fungua na usafishe

Zima, chomoa waya wa ukutani, bonyeza kitufe cha kuwasha kwa sekunde chache umeme uliobaki uishe. Weka kasha mezani, si kwenye zulia. Gusa chuma cha kasha kabla ya kugusa chochote ndani, na urudie kila unapotoka kwenye kiti. Umeme wa mwilini huua RAM bila hata cheche kuonekana.

Mashine iliyokaa ofisini miaka minane ina vumbi lililoshikamana kama blanketi kwenye mapezi ya kipoza prosesa. Shikilia feni kwa kidole isizunguke, piga brashi kuelekea nje. Kisha legeza kipoza: skrubu moja nusu, ya mkabala nusu, hadi zote zilegee. Kama kimegandamana, kizungushe taratibu kushoto na kulia. Usivute.

Utaona pesti ya zamani, ngumu na ya kijivu, inabanduka kama rangi. Ifute kwa spiriti hadi chuma king'ae, weka tone jipya la ukubwa wa punje ya choroko katikati, rudisha kipoza kwa kukaza kimshazari. Pesti nyingi haiongezi baridi.

## Hatua ya 6: RAM na SSD

Fungua vishikio vya sloti, linganisha mkato, sukuma pande zote mbili hadi usikie "tak" mbili. Vipande viwili viende kwenye sloti za rangi moja, au kama mchoro ulio ndani ya kifuniko unavyoonyesha. Mara ya kwanza kuwasha, Dell na HP nyingi husema kumbukumbu imebadilika. Hiyo si hitilafu, endelea. Ikilia milio na kubaki nyeusi, toa kipande kimoja, jaribu kingine.

SSD ya SATA inatosha. Kizazi cha 4 kwa kawaida hakina sloti ya M.2; OptiPlex 7050 na EliteDesk 800 G3 zinayo, na hapo SSD ya NVMe huingia bila waya. SATA hufika karibu MB 550 kwa sekunde, diski ya zamani hukaa kati ya 100 na 150, na tofauti hiyo utaiona kabla hata gemu halijafunguka. GB 256 hubeba Windows na gemu moja kubwa. GB 512 ndiyo raha. Diski ya zamani ibaki kama ghala.

Chomoa ile ya zamani kwa muda unaposakinisha Windows, usije ukafuta picha za harusi ya dada. Washa kwa flashi: F12 kwa Dell na Lenovo, F9 kwa HP. SSD ikiwa imetumika, ifungue kwenye CrystalDiskInfo utazame asilimia ya afya na saa ilizofanya kazi.

Umefaulu hapa ikiwa Windows inawaka chini ya nusu dakika na Task Manager inaonyesha RAM yote. Usiweke kadi kabla ya hapo. Ukibadilisha vitu vitatu kwa pamoja na mashine ikagoma, hutajua nani mchawi.

## Hatua ya 7: Funga kadi

Ondoa vibamba vya nyuma, fungua kishikio cha sloti ndefu ya PCIe, sukuma kadi wima hadi ikae sawa, kaza skrubu. Waya wowote unaogusa feni ufunge pembeni.

Halafu kebo ya skrini. Ichomoe kwenye tundu la zamani la bodi uichomeke kwenye kadi yenyewe. Hili ndilo jibu la nusu ya malalamiko ya "kadi haina nguvu": kebo iko kwenye bodi, gemu linachezwa na grafiki ndogo ya Intel, kadi inapumzika tu.

Ikiwa skrini bado nyeusi, rudisha kebo kwenye tundu la bodi uingie kwenye BIOS, programu ya ndani ya bodi (F2 kwa Dell, F10 kwa HP, F1 kwa Lenovo), sasisha BIOS kutoka tovuti ya kampuni, hakikisha mfumo uko kwenye UEFI (mtindo mpya wa kuwasha) na kadi ya ziada ndiyo imepewa kipaumbele. Stima isipotee wakati wa kusasisha BIOS. Kama mtaa wenu una mazoea, fanya kwa jirani mwenye UPS.

Mwisho, draiva kutoka NVIDIA au AMD moja kwa moja. Kama kulikuwa na kadi nyingine hapo awali, futa kwanza draiva yake kwa programu ya DDU ukiwa Safe Mode.

## Hatua ya 8: Pima

Fungua HWiNFO, cheza gemu nzito nusu saa, kisha soma kiwango cha juu cha joto. Prosesa ibaki chini ya nyuzi 85, kadi chini ya 80. Ikizidi, rudi kwenye pesti na vumbi, au toa kasha kutoka ndani ya kabati la meza.

Mashine ikijizima ghafla gemu likipamba moto, pawasaplai imezidiwa au imezeeka. Joto huanza kwa kupunguza kasi kabla ya kuzima. Gemu likikwamakwama huku kadi ikiwa asilimia 60 na prosesa 100, sasa ndipo prosesa inaingia kwenye mazungumzo. Mwenye i5-4590 anaweza kuweka i7-4770 iliyotumika kwenye bodi hiyohiyo, mwenye i5-6500 anaweza kuweka i7-6700. Usinunue ya kizazi cha 8 kwa bodi ya kizazi cha 6: tundu linafanana, bodi haitaitambua.

Kwenye mipangilio ya gemu, shusha vivuli kwanza, kisha nyasi na umbali wa kuona, kabla ya kushusha 1080p. Valorant ivuke fremu 100 kwenye 1050 Ti, GTA V ikae karibu na 60. Kama uko mbali na hapo, angalia tena ile kebo.

Kuhusu tokeni: mfumo huu ukivuta wati 180, saa nne za kucheza ni uniti 0.72. Mwambie hivyo anayelipa stima nyumbani.